Kipimo cha Septemba

Jumatatu, 14 Januari

Nimeachwa. Saa nne asubuhi, ofisini kwa Kocha Vandermolen, chini ya ile picha ya samaki aliyemvua mwenyewe. Neno "kuachwa" hakulitamka. Alisema timu inawageukia vijana. Alisema goti langu la kushoto limechoka kabla ya mimi mwenyewe. Halafu akasukuma karatasi mezani: kocha wa makipa mpaka mwisho wa msimu, mshahara nusu.

Timu kumi na nne za hoki ya barafu! Miaka kumi na saba golini! Nimedaka kwetu Saskatchewan. Nimedaka Alabama, ambako watu walikuja uwanjani kukimbia joto tu. Nimedaka mji mmoja wa Idaho ambao barafu yake ilikuwa na shimo, wenyeji wote wanalijua, wageni wanajikwaa. Ligi kubwa nilicheza dakika kumi na moja. Mashuti matatu, goli moja. Na goli lenyewe liligonga kisigino cha beki wangu, anayebisha aje tubishane.

Nikamwambia Kocha karatasi yake akafungie samaki. Nikatoka. Nikakaa garini dakika ishirini, injini inawaka, nje baridi ya kukata masikio. Nikarudi ndani nikasaini.

Mke wangu Lorna aliuliza swali moja tu: sasa kazini utakuwa unavaa nini? Suruali, nikamwambia. Kama waume za watu wengine.

Jumatano, 16 Januari

Siku ya kwanza ya ukocha. Tauno, mzee wa vifaa, alishabandua jina langu juu ya kiti changu kabla sijafika. Akanionyesha mahali pangu papya katika chumba cha makocha. Msumari. Wachezaji wana viti, makocha wana misumari! Akasema nisinune, yeye huu mwaka wa arobaini hana hata msumari.

Mwanafunzi wangu ni Bastien Rioux, mtoto wa mji wa Rimouski, miaka ishirini na minne. Tangu Septemba alikuwa kipa wa akiba, mimi namba moja, na safarini tulilala chumba kimoja. Leo yeye ndiye namba moja. Ananiita Babu.

— Babu, leo utanifundisha kulala kwenye basi?

— Nitakufundisha kusimama. Kulala unajua, nimekuona ukidaka.

Wenzake wakacheka. Akacheka na yeye. Halafu akaingia golini akadaka vizuri. Vizuri kuliko mimi. Sijamwambia na sitamwambia.

Ijumaa, 8 Februari

Nimemfunga Bastien macho kwa soksi. Soksi safi, ingawa yeye anabisha.

Kipa wa hoki hatazami nyuma. Goli liko mgongoni mwake maisha yake yote. Akigeuka kulitafuta, keshafungwa. Nguzo anazitafuta kwa kisigino na kwa ncha ya fimbo, tik, kushoto, tik, kulia, na hapo anajua yuko wapi duniani. Nikamwambia: toka mbele, rudi, gusa. Mara thelathini. Thelathini zote kagusa! Soksi machoni, na anatabasamu kama mjinga.

Kocha Vandermolen alipita akauliza kama hapa pamekuwa sarakasi. Nikamwambia ndiyo, na kiingilio ni dola tano.

Tumeshinda mechi nne mfululizo. Leo nilisimama nyuma ya kioo nikamwona akidaka shuti la karibu, akitumia ujanja niliomfundisha Jumanne, nikapiga kelele peke yangu. Watu waligeuka kunitazama. Nimefurahi. Nimeshaandika, basi.

Jumamosi, 16 Machi

Mambo! Kipa mpya wa akiba, aliyeshika nafasi ya Bastien, amepandishwa timu ya juu na hakuna anayeletwa. Kanuni za ligi zinataka jina la kipa wa dharura. Kocha ameandika langu. Kocha wa makipa anaruhusiwa, mradi alifanya kipimo cha Septemba, na mimi nilikifanya nikiwa bado mchezaji.

Kipimo chenyewe: kila Septemba tunakaa mbele ya kompyuta. Picha, maneno ya kukumbuka, namba za kusoma kinyumenyume. Hiyo ndiyo alama yako ukiwa mzima. Ukigongwa kichwa katikati ya msimu unarudia, na ukishuka chini ya alama ya Septemba, hudaki mpaka upone.

Kwa hiyo ni Bastien, kisha mimi. Baada yangu ni Wes Jarvela, fundi bomba, anayedaka kila Alhamisi na walevi wenzake. Mungu atuepushe.

Nimeanza kuvaa pedi asubuhi, kabla wengine hawajafika. Tauno ananirushia kile kisahani cheusi, ndicho mpira wetu wa hoki, kwa mkono, maana kupiga fimbo bega lake halitaki tena. Goti linalia. Lilie! Miezi miwili nilikuwa nasema nimezoea suruali. Njia ya mwongo fupi.

Jumapili, 21 Aprili

Mechi ya sita kati ya saba za mtoano, na timu ile ile. Tumefungwa 4–2. Sasa ni tatu kwa tatu, na Jumatano ni ya saba, hapa nyumbani. Anayeshinda anaendelea, anayeshindwa anaenda kuvua samaki.

Lakini si hilo ninaloandika.

Wakati wa kupasha misuli kuna adabu moja ambayo hata watoto wanaijua: mashuti ya kwanza ni ya chini, ya polepole, umpashe kipa, usimtishe. Hollis, beki wetu mwenyewe, akaachia moja ya juu. Ikampiga Bastien kwenye helmeti, juu ya jicho la kulia. Paa! Hollis akaomba radhi. Bastien akacheka, akainua glavu, sijaumia. Mechi ikaanza.

Kipindi cha kwanza alitoka mbele, akarudi, kisigino kikatafuta nguzo ya kulia. Kikapata hewa. Nilidhani nimeona vibaya. Kipindi cha pili mara mbili. Inchi nne pembeni, na yeye hajui. Goli la tatu lilipita hapo hapo, kwenye hizo inchi nne, na Kocha akamtukana beki.

Watu elfu tatu ukumbini. Nilikuwa peke yangu katika kuona.

Baada ya mechi nikamkuta amevuta kofia mpaka puani. Nikamuuliza taa zinakuumiza? Akasema: Babu, niko fiti, nenda nyumbani ukale.

Nyumbani Lorna alikuwa amepika nyama ya Pasaka ya kanisa lao. Yetu sisi Waorthodoksi ni Jumapili ijayo. Nilikula bila kujua ninachokula.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimwambia Daktari Heikkinen wa timu ampime Bastien. Amempima. Amepita! Amepita kwa alama mbili zaidi ya Septemba!

Kocha akapiga makofi. Umeona, Orest? Kijana amegongwa kichwa akaongezeka akili. Mgonge Hollis pia.

Wote walicheka. Mimi sikucheka. Kwa sababu najua alama ile ya Septemba ilitoka wapi.

Niiandike hapa, maana sijawahi kuiandika popote. Septemba tulikuwa kwenye foleni ya kipimo, Bastien mbele yangu, mgeni, ana wasiwasi. Nikamnong'oneza: jibu kama mlevi. Sahau maneno mawili. Bonyeza polepole. Wajue wewe ni mzito wa kichwa tangu mwanzo, na siku ukigongwa utafanana na mwenye akili. Mimi nilifundishwa na kipa mzee kule Alabama, naye alifundishwa na mwingine. Nimefanya hivyo misimu kumi na moja. Tulicheka sana siku ile. Nikamnunulia sambusa ya nyama na viazi, ile kubwa ya wachimba shaba, kumpongeza kwa kufeli vizuri.

Nikarudi kwa Kocha peke yangu. Usimchezeshe Jumatano. Akauliza kwa nini. Nikamweleza habari za nguzo.

— Nguzo? Daktari ana mashine, wewe una nguzo?

— Miaka kumi na saba nimeishi katikati ya nguzo mbili, Kocha. Nazijua.

— Na asipodaka yeye, atadaka nani?

Nikamtazama samaki wake ukutani.

— Unadhani hatukuoni asubuhi na Tauno? Kila mtu anakuona, Orest.

Kwenye korido Hollis akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutaka nisikie, kwamba Babu anatafuta mechi yake ya kustaafu. Hollis huyo huyo! Nilitaka kumrudishia kisahani chake jinsi ile ile alivyokileta.

Sasa niseme ukweli, nani atausoma? Naitaka ile mechi. Naitaka mechi ya saba kuliko nilivyoitaka harusi yangu, na Lorna akiona hapa anisamehe. Nilipoona kisigino kinapata hewa niliogopa kwa ajili ya Bastien. Lakini chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, kilichoinua kichwa kikauliza: je, ni zamu yangu? Nilikisikia. Kwa hiyo Kocha hakunisingizia kabisa. Lakini nguzo ni nguzo! Kijana hazipati, nitake mechi nisitake.

Jumanne, 23 Aprili

Baada ya mazoezi nilimbakiza Bastien barafuni. Nikatoa soksi. Akaiona, akajua.

— Leo sitaki michezo, Babu.

— Mara kumi tu.

Alivaa. Katika kumi alipata tatu. Mara ya nane alirudi nyuma akaipita nguzo kabisa, akagonga ukuta kwa mgongo, akasimama pale akidhani yumo golini. Mikono ameitanua, tayari kudaka. Sitaisahau picha hiyo.

Akavua soksi akaona alipo. Akavunja fimbo kwenye nguzo. Hiyo aliipata.

Kelele zake zilifika mpaka kwa mwendesha mashine ya barafu. Wewe ndiye uliyenifundisha! Jana mwalimu wa wizi, leo polisi! Kesho wanakuja watu wa timu kubwa, wawili, wameshakata tiketi, wanakuja kunitazama mimi. Mimi! Wewe ulidaka na kichwa kibovu miaka kumi na moja na bado umesimama, unakula, unatukana watu. Kwa nini mimi nisiweze?

Nilimwambia: kwa sababu nimesema.

— Ukinisema, nitasema nani alinifundisha.

— Hutapata nafasi. Nitasema kabla yako.

Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. Akaondoka bila helmeti yake. Nikaiokota mimi.

Nyumbani nikamweleza Lorna yote, mpaka ile foleni. Alikuwa ametoka kuendesha basi la shule, hata koti hajavua. Alisikiliza. Akauliza ukisema itakuwaje. Nikamwambia: jina langu linatoka kwenye orodha. Kazi labda inakwenda. Kocha wa makipa aliyefundisha makipa kudanganya kipimo, nani atamwajiri? Na kesho jioni atasimama fundi bomba.

Akasema sawa. Halafu akauliza kitu kingine. Na wewe, mara ngapi?

Mara ngapi nini? Kugongwa, Orest. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Alabama mbili. Idaho moja. Ile ya Fort Dalby niliyomaliza mechi na kuuliza nani ameshinda. Nikafika tisa nikaacha.

Akasema: wiki hii umenunua maziwa mara tatu, Orest, na jokofu limejaa. Nikamwambia tunapenda maziwa. Hakucheka.

Jumatano, 24 Aprili

Saa tano na nusu asubuhi. Naandikia kwenye korido ya zahanati, daftari gotini. Mechi ni saa moja jioni.

Nimesema. Saa mbili asubuhi, mbele ya Kocha na Daktari Heikkinen, nikiwa nimesimama maana hakuna aliyenikaribisha kiti. Septemba ya Bastien ni ya uongo. Nilimfundisha mimi. Na Septemba zangu ni za uongo vilevile, zote kumi na moja, ya mwisho ikiwemo. Sikuomba radhi kwa Kocha. Kwa Daktari niliomba.

Kocha alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Alisema nimemuua. Alisema mwaka mzima wa kazi ya watu ishirini na tano, na leo golini atasimama mtu aliyezibua choo chake wiki iliyopita. Nikamwambia Wes ana mikono mizuri. Na ni kweli, ana mikono mizuri! Akaniambia nifungashe vitu vyangu kesho, hata matokeo yaweje. Nikamwambia nina msumari mmoja, kufungasha hakutachukua muda.

Akasema jambo moja zaidi, akiwa mlangoni. Kwamba angalau sasa anajua sikuwa natafuta mechi. Alitaka kuniumiza au kunisifu, sijui.

Lakini Heikkinen akamsimamisha. Mwanamke mfupi huyu, sauti yake haipandi kamwe. Alisema habari za Septemba zimekwisha, karatasi zile zichomwe. Atatupima wote wawili yeye mwenyewe, uso kwa uso, bila kompyuta. Atakayepita atavaa. Atakayefeli hatavaa, hata timu ikidakiwa na jokofu.

Atakayepita atavaa! Alisema hivyo. Nilisikia vizuri. Kocha naye alisikia, akanigeukia, macho yamebadilika. Kumbe hata aliyefukuzwa anaweza kudaka mechi ya saba.

Bastien ameingia kwanza. Hakumaliza hata kusimama kwa mguu mmoja. Alishika kabati. Daktari alimwekea mkono begani. Ametoka macho mekundu, akaketi benchi hii hii, mwisho wa pili, karibu na mashine ya soda. Tangu jana hajanisemesha. Nimemwambia pole, amevuta kofia mpaka puani.

Kisha mimi. Mguu mmoja, sawa, na goti bovu juu yake! Kufuata kidole kwa macho, sawa. Namba kinyumenyume, sita, sawa. Miezi kurudi nyuma, niliteleza Agosti, nikarudi, akasema haina neno. Mwisho akanisomea maneno matano, polepole, mara mbili, mlango uko wazi kidogo. Akasema kaa nje dakika ishirini, nitakuita uyaseme. Usiyaandike.

Nina daftari na kalamu. Ningeyaandika hapa dakika ile ile, nani angejua? Sikuandika. Nimeandika haya mengine yote.

Dakika kumi na nne zimepita.

Nimeanza kuyapitia kichwani ili niwe tayari. Daraja. Limau. Farasi.

Daraja, limau, farasi.

Kulikuwa na mawili mengine. Moja lilikuwa kitu kidogo. Nilimwona anavyolitamka, naona midomo yake, naona hata jino lake la pembeni. Neno lenyewe halipo. Si kwamba limejificha. Halipo. Nimefunga macho, nimefungua. Nimejaribu kwa herufi, A, B, Ch. Daraja, limau, farasi. Septemba nilikuwa nasahau mawili kwa makusudi. Makusudi! Sasa najiuliza ni Septemba ngapi nilizojidhania nadanganya.

Dakika kumi na saba.

Bastien ameteleza kwenye benchi mpaka hapa. Kofia puani, anatazama mashine ya soda. Midomo haichezi.

— Sindano, Babu. Na dirisha.

Nimemwambia nyamaza! Kwa nguvu, mpaka nesi ametoa kichwa. Amesema mlango ulikuwa wazi, amesikia, kuna ubaya gani? Amesema angalau mmoja wetu acheze. Amesema tafadhali, nenda kadake, watu wale wawili wakauone mkono wako.

Mtoto huyu! Nimemnyang'anya mechi yake, na ananipa yangu.

Siwezi kuacha kusikia nilichosikia. Sindano, dirisha. Yamekaa kichwani safi kabisa, yanang'aa, kama ni ya kwangu. Matano. Naingia, natamka matano, saa moja jioni natangulia kutoka kwenye lango, ukumbi mzima umesimama. Wes Jarvela anarudi kwenye mabomba yake. Hakuna atakayejua isipokuwa huyu hapa, na huyu hatasema, nimemfundisha vizuri.

Tauno ameshaleta begi langu la pedi. Nimeliona nje ya dirisha, kwenye gari lake. Mzee wa watu amelileta bila kuulizwa.

Mlango unafunguka. Heikkinen ananiita kwa jina lote, Orest Hnatiuk, na ana kalamu mkononi.

Yangu ni matatu.